Kona ya Nyuma ya Karavani ya Mama

Mama yangu anaishi kwenye karavani. Watu wakisikia hivyo hudhani natania, lakini ukifika Kharumwa utaiona pembeni ya shamba lake la mpunga, imekalishwa juu ya matofali, matairi yalishakwisha siku nyingi. Marehemu baba aliinunua kwa watafiti wa dhahabu walipofunga kambi yao. Baba alipofariki, mama akakataa kabisa kulala kwingine.

Mwaka jana kona ya nyuma, kichwani mwa kitanda chake, ilianza kulegea. Nilibandua ubao wa ndani, nikabonyeza nguzo kwa kidole, kikazama kama kwenye kiazi kilichochemka. Kumbe maji yalikuwa yakipenya dirishani miaka yote hiyo. Kaka yangu wa Kahama akasema basi, mvua zikianza mama ahamie kwake. Mama alichukua jembe akaenda kupalilia mahali pasipo na magugu, nami nikajua moyo unamuuma.

Fundi wa kuiokoa alikuwepo, tena nimeolewa naye. Mume wangu hupanga matimba, yale magogo yanayozuia kuta za maduara, yaani mashimo ya dhahabu, zisiwafukie wachimbaji. Shida ni kwamba kwenye ukoo wetu mkwe wa kiume haingii anapolala mama mkwe wake, wala hawaongei ana kwa ana. Tangu anioe, hata shikamoo yake ilipitia kwangu.

Wakakubaliana, kupitia kwangu vilevile, kwamba kazi yote aifanyie nje. Alifungua skrubu moja moja, akavua bati la alumini bila kulikunja, ukuta ukabaki mbavu tupu. Mama alikuwa ameshatundika kanga kwa ndani. Nilipenda sana kumwangalia mume wangu siku ile. Aligonga kila ubao kwa mpini wa nyundo, akasikiliza, ulio mbovu akautia alama ya mkaa. Hakutoa ubao mbovu kabla mpya haujasimama kando yake. Alisema duarani ukitanguliza kutoa, unazikwa. Mbao mpya alikuwa amezipaka oili chafu ili mchwa wasizisogelee.

Mama naye hakukubali kukaa nje. Paa ni lake, alisema, atalishikilia mwenyewe. Akapanda kitandani, mikono juu, na mimi nikawa nazunguka huku na huku kupeleka maneno kwa watu wawili waliotenganishwa na kanga moja. Mwambie mama ainue kidogo. Muulize mumeo kwani mimi ni jeki. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Halafu ubao wa juu ukakatika, ule ambao kwa nje hakuweza kuufikia kuugonga. Paa likashuka mabegani mwa mama. Mume wangu akapenyeza mkono kati ya mbavu za ukuta, haukufika. Akabaki amesimama, ananitazama mimi. Kule ndani kitanda kilikuwa kinalia kwa uzito. Nilijua mama akiachia, paa linapasuka na karavani imekwisha, na Kahama atakwenda apende asipende. Nikakimbilia ndani, nikapanda kitandani, lakini mimi mfupi, bega langu halikulifikia hilo paa.

Mama akamwambia mume wangu, bila kupitia kwangu, "Baba, ingia. Shika hapa."

Akaingia kinyumenyume, uso ameuelekeza mlangoni, akapanda kitandani hivyohivyo na kuweka bega lake kando ya bega la mama.

"Nimeshika, mama. Achia upumzike."

Mama hakuachia. "Tushike wote," alisema, "mpaka apigilie."

Sijapata kuwapenda watu wawili kwa mara moja namna ile. Nikaisimamisha nguzo mpya katikati yao, nikachukua nyundo, na kwa machozi niliyokuwa nayo msumari wa kwanza nikaupinda.