Mama Zaina alisema sindano ni yake, nami nimeitwa kumshuhudia

Wapendwa wa ukurasa huu, nimeomba jina langu lifichwe kwa sababu hapa Kasongo watu wote wanajuana. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, nina watoto wawili, na mume wangu yuko machimboni upande wa Lusangi. Ni muuguzi kwenye maternite, wodi ya wazazi, ya hospitali moja. Tafadhali msinitukane kabla ya kumaliza kusoma. Kujitukana nimeshajitukana vya kutosha.

Mkuu wa wauguzi wetu ni Mama Zaina, si jina lake la kweli. Nilipofika kazini nilikuwa mwoga wa damu, kweli muuguzi mzima, hadi wenzangu wakaniita bibi harusi anayeogopa kuchafua gauni. Yeye hakunicheka. Alinishika mkono, akanifundisha kutafuta mshipa kwa kidole kabla ya jicho, na siku ninazokosea ananivuta pembeni, hanigombezi mbele ya wagonjwa. Mtoto wangu wa pili alipougua, alifanya zamu zangu na zake. Sijui kama mama yangu mzazi angenifanyia hivyo.

Ana desturi moja ambayo hospitali nyingine hawana. Mgonjwa akifia mikononi mwako, huruhusiwi kujificha. Unakwenda matangani, na yeye anakwenda nawe, mnakaa mkekani na wafiwa, mnalia nao. "Mukikimbia, watasema mumeua," anatuambia. "Watu wanataka kuona sura yenu."

Basi akaletwa mama mmoja kwa pikipiki kutoka njia ya Wamaza. Alikuwa amezaa njiani na damu inatoka kama maji. Damu ya kumwongezea hatukuwa nayo, na ya kaka yake haikulingana. Nikampiga sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, ile inayopaswa kupigwa, kwa kipimo kinachopaswa. Haikupita muda akakata roho. Daktari mwenyewe aliniambia sikukosea popote. Lakini ndugu zake, waliokuwa nje ya mlango, walimwona muuguzi mwenye barakoa akiingia na sindano, kisha wakasikia kilio.

Familia ile ni maskini. Mama Zaina akanunua sanda kwa mfuko wake, tukapanda pikipiki mbili, tukaenda kuzika. Alifanya kwa huruma tu, kama anavyofanya kila kitu. Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba kwa watu wale sanda huletwa na jamaa wa damu, na mgeni akiileta anakuwa amekubali kwamba kifo ni chake. Tulipoikabidhi, wanawake waliacha kulia ghafla.

Baba mdogo wa marehemu akasimama. "Kama mumeleta sanda, ni kusema munajua mwenye kuua. Ile sindano, ni nani alimupiga?"

Vijana wakaanza kusogea. Mmoja akasema nyumba ya huyo mutu itaungua leo leo. Nilifungua mdomo, naapa nilifungua, lakini Mama Zaina alikuwa ameshasimama.

"Njo mimi, ni mimi nilimupiga," akasema. "Huyu mutoto alikuwa ananisaidia tu. Mumuache."

Kwa sababu ya umri wake na vile alivyosema bila kutetemeka, hawakumgusa. Wakasema kesi itakwenda kwa shefu, mkuu wa eneo. Hospitali nayo ikamsimamisha kazi hadi mambo yaishe, maana daktari anayejua ukweli ameamua kunyamaza ili kuwe na amani. Amani gani? Tangu hapo wenzangu wanawapa wafiwa maiti wao kama wanaorudisha sufuria, kisha wanaingia ndani na kufunga mlango. Wasichana wapya hawana wa kuwafundisha.

Nilikwenda kwake nikapiga magoti, nikamwambia nitasema ukweli. Akanikasirikia, mara ya kwanza tangu nimjue. "Weye uko na watoto wadogo. Mimi wangu wameolewa, wameisha kukomaa. Ukisema leo, watasema tuliwadanganya mbele ya maiti. Watatukamata wote wawili, na bado watachoma nyumba yako."

Nikirudia hesabu hiyo kichwani, naona hajakosea. Ndiyo inayoniua.

Sasa limekuja jambo ambalo sikulitegemea. Familia imeomba shahidi kutoka hospitali, wakanichagua mimi, kwa kuwa "yule musaidizi alikuwa ndani." Ijumaa nitasimama mbele ya shefu, nitaweka mkono juu ya Biblia, niseme kwamba nilimwona Mama Zaina akimpiga yule mama sindano. Akikutwa na hatia, hatarudi kazini maisha yake yote, na jina lake litabaki la muuaji huku na Kabambare kote. Nikikataa kuapa watajua. Nikisema ukweli watajua zaidi. Nimeomba, nimefunga, sijapata jibu. Usingizi umenikimbia, maziwa ya mtoto yamekauka.

Jioni hii nimepita kwake kumwambia siwezi. Nilimkuta amewasha pasi ya makaa. Akanivua koti langu jeupe bila kuniuliza, akalitandaza mezani, akaanza kulipiga pasi kola.

"Usiende pale umekunjamana," akasema, "watakuona kama stajeri mwenye kujifunza kazi, hawatakuamini. Simama wima, usiangalie chini. Na sauti itoke, mutoto yangu. Wote wanapaswa kukusikia."

Amenifundisha hata namna ya kumshitaki. Koti liko hapa limetundikwa mlangoni, bado lina joto. Ninyi mnaosoma, wenye mama na wasio na mama, nishaurini: Ijumaa nikishika ile Biblia, niseme nini?