Mama wa Dirisha la Ritani

Siku hizi watu huingia ofisini kama wanaodai chenji dukani, salamu hakuna. Mama wa dirisha la ritani za kodi, pale tunapopeleka taarifa za mapato yetu ya mwaka, hajayakubali hayo. Ana miwani anayoifuta kwa ncha ya mtandio, ana sauti ya kubembelezea mtoto, na kila anayefika mbele yake humwambia, "Tusalimiane kwanza."

Juzi nilikuwa kwenye benchi nangoja zamu yangu, dereva mmoja wa kampuni akamkatiza mama kabla hajamaliza kuomba salamu. "Mimi nimeajiriwa. Tajiri wangu anakata kodi kabla sijaugusa mshahara. Ritani ya nini tena?" Mama akafuta miwani. "Yeye ametuambia yake, mwanangu. Na wewe utuambie yako, tulinganishe." "Si ni yaleyale?" "Haya, tuone." Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Makarani vijana hawafanyi hivyo, wao hukificha kama mtu na karata zake. Dereva akatoa hati zake za mshahara. Humo makato yalikuwapo kila mwezi. Kwenye kioo, tangu katikati ya mwaka, hapakuwa na kitu. "Amekata, hakuleta," mama alisema polepole. "Ungekaa kimya, nani angejua?" Akamwelekeza chumba cha malalamiko. Dereva akakusanya hati zake, akaondoka. Alipofika kwenye ngazi akasita, akarudi mpaka dirishani, foleni nzima ikimtazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sasa ndiyo umefika."