Ijumaa Hatupimi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kaka yangu, vikubwa, nimevijaza magazeti, maana viatu vya kazi vya kike havikuwepo Tanga nzima. Fundi Mkuu alinitazama miguuni, akaguna.

"Bi Mwanahamisi, umeme haujui mwanamume wala mwanamke. Ukikosea, umekwenda. Na jingine: hapa Ijumaa hatupimi. Ukifungua kabati la umeme saa nne, utalifunga saa ngapi, nawe una watu wa kwenda kuswali?"

Nikaitikia. Nilipangiwa Pangani, nikapangiwa Muheza, nikarudi mjini chini ya Mhandisi wa Mkoa, na kote huko Ijumaa hatukupima. Sikuwahi kuuliza kama desturi hiyo inafaa kila mahali.

Kazi niliyoipenda hasa ilinijia nikiwa mtu mzima tayari, nayo ni makabati ya kapasita. Msinichoke, nieleze kidogo. Mota kubwa huvuta umeme wa namna mbili: mmoja unafanya kazi, mwingine unakwenda na kurudi tu kuipa mota sumaku yake. Huu wa pili ukizidi, mambo yanakuwa kama watu wawili waliobeba kitanda, mmoja anachelewa hatua. Kitanda kitafika, lakini watu wamechoka bure. Kapasita humweka sawa yule anayechelewa. Ndani ya kabati kuna kidhibiti, sisi tulikiita kichwa, kinachosoma mkondo kwa pete iliyovishwa kwenye waya unaotoka gridi, kisha kinaingiza kapasita moja moja, ta, ta, ta. Niliweza kukaa mbele ya kabati asubuhi nzima nikiisikiliza sauti hiyo, macho yanalegea kwa raha.

Miaka yangu ya mwisho kazini, sola zikaanza kupanda juu ya mabati ya viwanda. Nikatumwa kwenye kiwanda cha kusokota kamba za katani, mali ya familia moja ya Kihindi, watu wa dini na wastaarabu. Nikapima Jumanne, nikapima Jumatano, jua kali, mashine zote zinanguruma. Kila kitu sawa. Nikaandika "kabati ni zima", nikatia sahihi kwa mbwembwe zangu zote.

Haukupita muda mrefu kapasita zikaanza kuungua. Tena kila Ijumaa! Watu wanarudi kutoka msikitini, wanakuta fyuzi zimekatika na chumba cha kabati kinanuka. Ufunguo wa chumba hicho alikuwa nao mtu mmoja tu, Athumani, mwangalizi wa mitambo, mtu wa Moa, mpole hata tukawa tunamtania kwamba anazisalimia mashine kabla ya kuziwasha. Alhamisi moja mwenye kiwanda akatuita wote wawili ofisini.

"Bi Fundi, karatasi yako inasema kabati ni zima?"

"Ndiyo, Bwana."

"Basi kuna mtu analiharibu. Ikitokea tena kesho, Athumani hana kazi hapa."

"Wallahi, Bwana, mimi nafunga, naenda kuswali, nikirudi nakuta hivyo," Athumani akasema.

Mimi nikachukua mkoba wangu wa vipimo, nikatoka bila kumtetea, na jambo hilo linanitia haya mpaka leo.

Usiku ule nyumbani, mtaa wa Mabawa, nilihesabu siku nilizopima: Jumanne, Jumatano, Ijumaa hata moja. Asubuhi nikamwendea mwenye kiwanda, nikamwomba aniache chumbani na vipimo vyangu wakati wa swala. Mimi mwanamke, swala ya Ijumaa si faradhi kwangu, adhuhuri yangu ningeiswali baadaye. Akashangaa.

"Ijumaa, Bi Fundi?"

"Ijumaa, Bwana."

Mashine zikazimwa moja baada ya moja. Siku nyingine wafanyakazi walikula kwa zamu, mashine hazilali, na Jumapili swichi kubwa ilishushwa kabisa. Ijumaa tu kiwanda kizima kilisimama huku swichi iko juu na jua liko utosini. Kimya kikashuka, kimya ambacho sikuwahi kukisikia mahali pa kazi. Vumbi la katani lilielea kwenye mwanga wa dirisha, halishuki, halipandi. Hotuba ya msikitini ilikuja kwa mbali, ikapotea, ikaja tena. Nilikuwa macho, lakini nilijiona kama mtu aliyeingia kwenye ndoto ya watu wengine.

Halafu nikasikia ta.

Nikageuka. Mashine zimelala, kapasita zinaingia! Ta. Ta. Sola ilizalisha, hakuna wa kuutumia umeme wake, basi ukawa unatoka kiwandani kwenda gridi. Kichwa chetu hakikutengenezwa kujua kwamba umeme unaweza kurudi nyuma. Kiliusoma kinyume, kikadhani kapasita hazitoshi, kikaongeza, kikaongeza tena, na volteji ikapanda, ndiyo iliyokuwa ikiziunguza. Nikashusha swichi.

"Loo! Kumbe ni mimi," nikasema peke yangu.

Waliporudi niliiomba ile karatasi, nikaipiga mstari sahihi yangu mbele ya mwenye kiwanda na mbele ya Athumani. "Kabati lilikuwa bovu tangu siku niliyolipitisha," nikasema. "Nililipima siku nyingine, siku kama ya leo sikulipima." Tukabadili kichwa, tukaweka kinachosoma umeme ukija na ukienda. Athumani akabaki na kazi yake.

Sasa nimestaafu. Alasiri nikisinzia barazani, bado naisikia ile ta, ta. Mafundi vijana hupita, "Shikamoo, Bi Fundi," nami nawaambia, kabla hujapima, uliza hapa watu huondoka saa ngapi, kisha pima saa hiyo. Hayo ya ufundi ni mepesi. Linalonitoa usingizini ni jingine.

Ijumaa ile ile nilimfuata Athumani nje kumtaka radhi. Alikuwa bombani, ananawa uso.

"Nisamehe, ndugu yangu. Niliandika nisichokiona."

"Nimekusamehe, dada." Akafunga bomba, akabaki amelishika. "Lakini Ijumaa iliyopita sikumsikia hata imamu. Nilikaa pale najiuliza, hivi nimegusa nini? Nilishaanza kuamini ni mimi."