Paa la Bluu Nyuma ya Migomba

Fomu ilikuwa na maswali mengi, na karibu yote niliyajibu bila taabu. Vyumba vya kulala vingapi? Vitatu. Umbali kutoka Moshi mjini? Nusu saa kwa gari, kama barabara haina tope. Wanyama? Ng'ombe wawili, kuku, na mbwa mmoja anayebweka sana lakini haumi. Swali lililonishinda lilikuwa fupi kuliko yote. Liliuliza: jirani yenu wa karibu ni nani, ambaye wageni wanaweza kumkimbilia wakipata shida?

Binti yangu alikuwa ameketi mbele yangu, simu mkononi, akisubiri jibu.

"Baba, hilo nalo la kufikiria?"

"Andika yule fundi seremala wa kule barabara kubwa."

Akaniangalia. "Yule yuko kilomita mbili."

"Ana pikipiki."

Hakubishana. Akaandika seremala, tukaendelea na swali la jiko.

Mpango wenyewe aliuleta yeye. Anashona nguo mjini, na mteja wake mmoja alimweleza kwamba kuna familia zinazobadilishana nyumba. Ninyi mnahamia kwao, wao wanahamia kwenu, kila mmoja anatunza ya mwenzake, na hakuna anayelipa pango. Mwanangu wa kwanza anaishi Denmark na mke wake na watoto wawili ambao sijawahi kuwapakata. Nyumba yao ni ya vyumba viwili, iko ghorofani. Mara mbili tulipanga kwenda na mara mbili tukaahirisha, kwa sababu hatukuwa na mahali pa kulala kwa muda wa maana. Safari hii katika mji wa jirani na kwao ilipatikana familia yenye watoto watatu iliyotaka kukaa miezi miwili huku Uru, chini ya mlima. Tungeenda mimi, mke wangu, binti yangu na mtoto wake wa miaka sita.

Mke wangu alielewa polepole.

"Yaani mwanamke nisiyemjua alale kitandani kwangu, na mimi nilale kwake?"

"Ndiyo, mama."

"Na kabati langu alifungue?"

"Na wewe utafungua la kwake."

"Basi mashuka yote yabadilishwe. Wasije wakarudi kwao na hadithi."

Tangu siku hiyo nyumba haikupumzika. Kuta zilipakwa chokaa, choo kikawekwa mlango mpya, na mazulia yalianikwa juani hadi yakapauka. Mimi nilipewa kazi ya kuandika kitabu cha nyumba. Kila familia huandika chake, kuwaeleza wageni mambo yalivyo: taa ya sebuleni inayohitaji kupigwa kofi, mtungi wa gesi unavyofungwa, ng'ombe wanakula nini. Mimi niliishia kidato cha nne na mwandiko wangu ni mzuri. Binti yangu akaninunulia kaunta buku, akasema, "Wewe andika Kiswahili chako, mimi nitatafsiri."

Niliandika kwa raha mpaka nikafika ukurasa wa maji. Bomba letu hukauka wakati wowote. Likikauka sisi hubeba ndoo kutoka kwenye bomba la kanisani, tunapandisha kilima. Nikaandika hivyo. Nilipousoma ule ukurasa niliona unachekesha. Mgeni yeyote angesimama uani kwetu, angeona tangi kubwa jeusi hatua hamsini tu kutoka mlangoni, na angejiuliza hawa watu wana wazimu gani.

Tangi hilo ni la mdogo wangu. Nilikuwa sijaongea naye miaka tisa.

Ujumbe kutoka kwa ile familia ya Denmark ulikuja siku chache baadaye. Binti yangu aliusoma mezani, akitafsiri huku anatafuna.

"Wanashukuru kwa picha. Wamependa migomba. Wanauliza..." Akaacha kutafuna. "Wanauliza lile paa la bluu linaloonekana nyuma ya migomba ni la nani. Kama kuna watu, mbona jirani wa karibu ni fundi wa kilomita mbili? Mtoto wao mdogo ana pumu. Wanataka kujua kuna mtu wa karibu wa kumwita, mwenye gari. Wanasema kuna familia nyingine imewaandikia, na Jumatatu wiki ijayo wataamua."

Nikakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Nijibu nini, Baba?"

Mke wangu alijibu kutoka jikoni. "Jibu ukweli! Waambie ni kwa shemeji yangu, ana tangi na ana pikapu, ila mume wangu hapiti pale kwa sababu alihamisha mpaka."

Kwa mara ya kwanza neno hilo lilisemwa ndani ya nyumba yangu kwa sauti.

Nalieleza hapa kama lilivyokuwa. Kwetu mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, ni masale: mimea ya majani marefu iliyopandwa mstari. Jani la sale ndilo hilo hilo mtu hubeba akienda kuomba msamaha, na anayeletewa hapaswi kulikataa. Baba yetu alinipa mimi kifungua mimba sehemu ya juu, na mdogo wangu kitinda mimba akapewa sehemu ya chini pamoja na nyumba ya wazazi, kama ilivyo desturi. Kati yetu kulikuwa na kijia kinachoshuka hadi kwenye mfereji wa maji. Mdogo wangu alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la miwa kule tambarare, akija nyumbani mara moja kwa mwezi. Jumapili moja, watu wakiwa kanisani, niliyang'oa masale nikayahamishia chini hatua nne. Kijia kikawa changu. Ncha ya mstari ilikuwa na jiwe ambalo baba alilizika nusu. Nililing'oa nalo, nikalifanya kidaraja cha kupandia bandani kwa ng'ombe.

Mama hakwenda kanisani siku ile, miguu ilikuwa imevimba. Alikuwa dirishani. Nilimwona akiniona.

Mdogo wangu aliporudi aliita wazee wa ukoo. Waliketi, wakanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, wakaniuliza. Nikasema masale yako pale pale alipoyapanda baba. Wakamgeukia mama. Mama akasema, "Mimi macho yangu siku hizi hayaoni vizuri." Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano bila miwani, na sisi sote tulikuwa tunamtazama. Wazee wakaondoka. Mwaka uliofuata tukamzika, mimi nimesimama upande huu wa kaburi na mdogo wangu upande ule.

Nilisema uongo, na nilimwacha mama yangu auchukue. Sina namna ya kuupamba.

Asubuhi baada ya ule ujumbe nilichuma jani la sale pale mpakani nikashuka. Nilizunguka kwa barabarani, sikupita kwenye kijia. Mdogo wangu alikuwa akikatakata migomba ya kulisha ng'ombe. Akaniona, akasimama, akaniamkia.

"Shikamoo."

Ilikuwa shikamoo ya mtu kwa mzee aliyekutana naye stendi.

"Marahaba." Nikamnyooshea jani.

Alilitazama, mikono yake imebaki kwenye panga. "Umelichuma wapi?"

"Pale mpakani."

"Mpaka upi?"

Nikalishusha lile jani.

"Kaka, nikipokea jani la mpaka ule, nimeukubali mpaka. Lirudishe." Akakata kipande kingine cha mgomba. "Tena nasikia mnasafiri. Kijiji kizima kinajua mmenunua mashuka. Umekuja kwa ajili ya Wazungu wako."

Ningependa kuandika kwamba alinionea. Ilikuwa kweli, nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya Wazungu. Wasingeuliza habari za paa la bluu, ningeendelea kupandisha ndoo kilimani mpaka nianguke nazo.

Nilirudi nyumbani na jani langu. Mke wangu aliliona mkononi, akanisogezea kiti, akanimiminia chai. Nilikaa nikiwafikiria wale wajukuu. Wangeweza kukua wakijua kwamba babu yao alishindwa kuja kwa sababu ya hatua nne za udongo. Kisha nikamfikiria mdogo wangu, ambaye alikuwa amenieleza kwa maneno machache kabisa jambo la kufanya.

Nilingoja Jumapili. Nilichagua saa ile watu wanapotoka ibadani na kupita barabarani kwetu, kwa sababu mara ya kwanza nilichagua saa ambayo hakuna anayeona. Nikachukua sururu na jembe, nikaanza na sale la kwanza. Mizizi yake ilikuwa imeshika kuliko nilivyotegemea.

Mama mmoja wa kwaya akasimama. "Mzee, leo siku ya Bwana unalima?"

"Silimi, mama. Narudisha mpaka nilioiba."

Wenzake wakamfikia, akawanong'oneza, nao wakasimama. Kijana mmoja akasema, "Babu, pumzika, utaiacha pasi ya kusafiria bila mwenyewe!" Wakacheka, nami nikacheka, huku jasho linaingia machoni. Binti yangu alitaka kunisaidia. Nikamkatalia masale, nikamruhusu kushika kamba ya kunyooshea mstari.

Lililonishinda ni jiwe. Nilikuwa nimelitoa bandani, nimelivingirisha hadi katikati ya shamba, na hapo nguvu zikaisha. Nilikuwa nimelikalia ninatweta mdogo wangu alipotokea upande wake, amevaa koti la kanisani.

"Kumbe lilikuwa kwa ng'ombe," alisema.

"Lilikuwa kwa ng'ombe."

"Baba angekuchapa."

"Angenichapa."

Akavua koti, akalitundika kwenye mgomba, akashika upande mmoja wa jiwe. Tukalibeba kama wazee wanavyobeba, tukilitua kila baada ya hatua mbili. Nililiweka pale nilipokuwa nimechimba. Alisimama akapima kwa macho kutoka mfereji hadi barabarani, akatikisa kichwa.

"Si hapa."

Nikadhani anataka zaidi. Nikajiambia nimpe.

"Umezidisha," akasema. "Umeingia kwako. Baba aliliweka usawa wa ule mkahawa wa zamani. Rudisha kwako nusu hatua."

Nilichukua jembe nikachimba upya, maana sikutaka anione uso.

Tulipomaliza kupanda upya sale la mwisho, alichuma jani lake moja yeye mwenyewe, akalikunja mara mbili, akalitia mfuko wa koti. Nikajua amelipokea lile alilolikataa. Alipokuwa anaondoka ndipo aligeuka.

"Huyo mtoto wa pumu. Mwambieni mama yake pikapu yangu asubuhi inawaka kwa kusukumwa, lakini ikishawaka inafika hospitali ya Mawenzi bila kuzima."

"Baba mdogo, hilo la kusukumwa nitalitafsiri?" binti yangu aliuliza.

"Litafsiri. Waje wamejiandaa."

Jibu letu lilikwenda jioni ile ile, na Jumanne wakatujibu kwamba wamekubali. Sasa tunangoja viza. Mke wangu amekwisha kufungasha sanduku mara tatu. Kila mara binti yangu analipima na kutoa unga wa ndizi, na kila mara unga unarudi ndani kwa njia nisiyoifahamu. Mjukuu wangu ananiuliza kama Denmark kuna mlima. Namwambia hakuna, anasikitika kwa ajili yao.

Mdogo wangu bado hajazoea kukaa kwangu. Huja, husimama mlangoni, husema habari ya ng'ombe, huondoka. Sijamwambia kwamba siku ile mama aliniona kutoka dirishani, akanifichia. Nadhani anajua, lakini nitamwambia kabla ya kupanda ndege, kwa sababu kujua kwake si sawa na kukiri kwangu. Jana aliuliza kama wale wajukuu wangu wa Denmark wataletwa huku siku moja. Nikamwambia ndilo ninaloendea.

Ukurasa wa maji nimeuchana na kuuandika upya. Sasa unasema hivi: "Bomba likikauka, msiende mbali. Piteni kwenye kijia kilicho kando ya masale, kiko wazi. Pigeni hodi kwenye nyumba yenye paa la bluu. Hapo anakaa mdogo wangu. Atawatania kwanza, kisha atawapa maji."