Shangazi Ana Kiu

Gari lilizima nusu ya mlima wa hospitali, mbele ya duka la vioo, palepale lilipozima juma lililotangulia. Bi Bomba alikuwa amekanyaga mafuta mpaka kanyagio likagusa sakafu, lakini injini ilizidi kunywea, ikakohoa, ikanyamaza. Akavuta breki ya mkono, akashuka kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, kisha akasimama mikono kiunoni huku magari ya nyuma yakimpigia honi.

Siku hiyo alikuwa amebeba maisha yote ya mwalimu mkuu mmoja mstaafu: kitanda, kabati la vyombo, makochi na maboksi ya vitabu yasiyo na idadi. Mwalimu mwenyewe alikaa kiti cha mbele, amepakata saa yake ya ukutani kama mtoto mchanga.

"Tumefika, mama?" akauliza dirishani.

"Tumefika nusu, Mwalimu."

"Na nusu nyingine tunakwenda kwa miguu?"

"Tunampumzisha kidogo. Akipata pumzi ataondoka."

Na kweli, baada ya kitambo injini iliwaka kwa mguso mmoja, ikapanda sehemu iliyobaki na kuwafikisha salama, kana kwamba haikuwa yenyewe iliyowaaibisha barabarani. Hilo ndilo lililomkera Bi Bomba. Gari likifa, unajua limekufa. Hili lilikuwa linazirai na kuzinduka.

Jina la Bi Bomba lilimganda kazini. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa fundi wa mabomba ya maji ya mji, mwanamke pekee katika kikosi chake, mwenye kushuka mashimoni na buti za mpira huku wenzake bado wanabishana nani atangulie. Alikuwa akiweka sikio kwenye bomba na kukwambia maji yanavujia upande gani wa barabara. Alipostaafu, watu walitazamia afungue kibanda cha nyanya au akae nyumbani kulea wajukuu. Yeye akanunua vani kuukuu ya dizeli, akaandikisha ubavuni "Tunahamisha kwa Upole", akaanza kazi ya kuhamisha watu nyumba.

Mumewe, fundi cherehani mwenye maneno machache na ulimi wa kuchoma, alilizunguka gari lile siku ya kwanza, akapiga teke la adabu kwenye tairi, akauliza, "Umelinunua, au umeachiwa urithi?" Ni yeye aliyelibatiza jina la Shangazi. Alisema linakuja na mizigo mingi, linalalamika njia nzima, na huna ubavu wa kulifukuza.

Basi baada ya kumshusha Mwalimu, Bi Bomba alimpeleka Shangazi kwa Fundi Mluzi. Huyu alikuwa makanika kijana, mwenye gereji ya mabati nyuma ya kiwanda cha matofali, na watu walimwita hivyo kwa sababu hakuweza kufungua hata nati moja bila kupiga mluzi. Alisikiliza injini, akainama, akainuka, akafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Pampu," akasema. "Pampu ya dizeli imechoka, mama. Kwa gari la umri huu ni jambo la kawaida. Inabidi ipelekwe kwa wataalamu wa pampu, ama ununue nyingine."

Akataja bei. Ilikaribia nusu ya thamani ya gari zima. Bi Bomba alimkazia macho kijana.

"Mwanangu, nikuulize. Unajua, au unadhani?"

Fundi Mluzi hakuwa mwongo, na ndiyo maana Bi Bomba alikuwa mteja wake. Akakuna kichwa. "Nadhani, mama. Lakini nadhani kwa uzoefu."

"Basi acha hela yangu ikae kwanza, mpaka dhana yako ikue iwe habari."

Nyumbani mumewe alikuwa na suluhisho lake. "Muuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu," alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Nitakununulia baiskeli."

"Na kabati la watu nitalifunga wapi? Kwenye kengele?"

Asubuhi iliyofuata Bi Bomba alijifunga khanga kiunoni, akafungua boneti uani, akaanza na mambo ambayo hayana gharama. Alichomoa kijiti cha kupimia oili: kiwango kilikuwa vilevile na oili haikuwa na rangi ya maziwa. Akatazama maji ya kupoozea: hayakupungua. Akawasha, akaenda nyuma kukagua moshi kama daktari anayemwambia mgonjwa atoe ulimi. Haukuwa mweusi tii, haukuwa wa bluu, wala haukuwa mweupe wa kung'ang'ania. Na injini yenyewe iliwaka mara moja katika baridi ya asubuhi, ikanguruma bila kuyumba.

"Huyu si mgonjwa wa moyo," akamwambia mumewe aliyekuwa akipita na kikombe cha chai. "Huyu ana kiu."

"Mpe maji."

"Namaanisha dizeli haimfikii. Akienda taratibu inamtosha. Akipanda mlima na mzigo, akihitaji nyingi kwa mpigo, anakauka."

Hali hiyo aliijua vizuri. Mara ngapi alikuwa ameitwa kwenye nyumba ya mwisho mlimani, ambako bomba hutoa maji alfajiri na kukauka mchana? Wenye nyumba hulaumu koki, wakanunua nyingine inayong'aa, na maji yasije. Kazi ilikuwa kuufuata mstari wa mabomba kuanzia tangini, kuukata katikati, na kuuliza: hapa yanafika au hayafiki?

Hata hivyo, jambo la kwanza alilolifanya alilikosea. Alijiambia chujio la dizeli ndilo limeziba, na alikuwa na uhakika huo kiasi kwamba alimwalika mumewe waende wote kushuhudia. Akanunua chujio jipya, maana halikuwa ghali, akalifunga mwenyewe, akatoa upepo kwenye mabomba kama alivyoelekezwa na Fundi Mluzi, wakapakia mifuko ya mchanga ya jirani, wakaushambulia mlima wa hospitali. Mbele ya duka la vioo Shangazi akanywea, akakohoa, akazima.

Uvumilivu wa mumewe haukudumu. "Angalau sasa anakufa akiwa msafi."

Bi Bomba hakucheka. Alilegeza kifuniko cha tangi, akidhani huenda tangi linakosa hewa. Wakajaribu tena, na wakasimama tena hatua chache mbele. Muuza vioo alitoka akawauliza kama wangependa awawekee benchi. Siku ile tu ndipo moyo ulipomtikisika kidogo, akawaza kwamba labda kweli ni pampu. Lakini alipofika nyumbani, akanawa uso, akagundua kwamba amefanya kosa la wanaojifunza: alibadilisha kifaa kabla ya kuukata mstari.

Kesho yake alikuwa gerejini na dumu safi la plastiki, mipira miwili mipya inayoonyesha ndani, na vibano vyake.

"Fundi, leo tunamnyima tangi."

Fundi Mluzi alianza kucheka, akaacha katikati. "Anywe kwenye dumu?"

"Mpira mmoja wa kunywea, wa pili wa kurudishia kinachobaki. Tangi na bomba lake lote la chini tunaliacha nje. Akipanda mlima kwa dumu, pampu haina kosa. Asipopanda, nitakuomba radhi na nitakwenda kuzitafuta hela."

Kijana alitafakari, na uso wake ukakunjuka. "Halafu kuna kitu kinanisumbua tangu juzi, mama. Pampu iliyochoka huwa inasumbua kuwaka injini ikiwa ya moto. Lako likizima linawaka lingali la moto."

"Hilo ulikuwa unamwekea nani?"

"Nilikuwa na magari saba kwenye foleni, mama. Kichwa kilijaa."

Walilifunga dumu wima kwa mikanda, lisicheze wala kumwaga, wakapitisha mipira mbali na sehemu za moto, wakapakia giaboksi mbovu za gereji nzima ili Shangazi asipate kisingizio cha wepesi. Bi Bomba akashika usukani, Fundi Mluzi akakaa nyuma akililinda dumu.

Mlima ukaanza. Injini ikaingia gia ya chini, ikakaza sauti. Duka la vioo likatokea upande wa kushoto, na muuza vioo mlangoni, tayari kwa tamasha. Bi Bomba alikanyaga mafuta mpaka mwisho, akangoja ule mnyweo. Haukuja. Shangazi alipita mbele ya duka akinguruma kwa kiburi, akapita lango la hospitali, akafika juu. Nyuma kulisikika mluzi mmoja mrefu.

Wakashuka, wakapanda tena. Akapanda vilevile.

"Pampu ni nzima," alisema Fundi Mluzi waliposimama. "Mama, nilikuwa nakupeleka porini."

"Hukunipeleka. Niliuliza, ukanijibu kweli. Sasa twende tukamtafute mwizi kati ya tangi na chujio."

Gerejini, kijana alichomoa bomba linalotoka tangini, akalipuliza kwa mdomo. Upepo ulipita bila kipingamizi, na mapovu yakasikika tangini. "Liko wazi," akasema, akianza kukata tamaa.

"Liko wazi ukipuliza. Injini haipulizi, inavuta. Hebu vuta."

Akaleta pampu ya mkono, akaanza kuvuta. Dizeli ikaja kwa wingi, safi kabisa, kisha mkono wa pampu ukaanza kuwa mgumu, ukagoma. Wakaacha kidogo. Ukalegea wenyewe. Wakavuta tena, dizeli ikaja, kisha ukagoma.

Walitazamana. Kulikuwa na kitu humo ndani ambacho kikivutwa kinaziba mdomo wa bomba, na kikiachwa kinaanguka.

Waliondoa dizeli tangini, wakafungua kifuniko cha juu chenye bomba, na Bi Bomba akaingiza waya alioukunja ncha kama ndoano. Alivua kama anayetafuta pete kwenye shimo la maji machafu, kazi ambayo aliwahi kuifanya pia, na mara ya tatu ukanasa kitu. Kikatoka polepole, kinachuruzika: kipande cha kitambaa laini, cheusi kwa uchafu, ukubwa wa kiganja.

Mumewe alikuwa amewasili na chakula chao cha mchana. Akakichukua kitambaa kwa vidole viwili, akakikamua, akakisugua, akakiinua kwenye mwanga. Mtu wa nguo hajizuii.

"Bitana," alisema. "Bitana nzuri sana hii. Ya hariri bandia. Niliitumia kwenye koti la yule karani wa..."

Bi Bomba alimtazama. "Endelea, mume wangu."

Kumbukumbu ikamjia mzee. Ule wakati dizeli ya vituoni ilipoadimika, mkewe alinunua ya kwenye pipa, na yeye kwa ukarimu wake akampa kipande cha kufunga kwenye faneli ili wachuje takataka. Kitambaa kiliteleza kikaingia tangini, kila mmoja akadhani mwenzake amekitupa.

"Nilikupa uchujie," akasema kwa sauti ndogo. "Sikukupa umlishe Shangazi."

Fundi Mluzi alilazimika kukaa kwenye tairi. Bi Bomba alijitahidi kukaza uso, akashindwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mumewe akacheka pia, kitambaa bado mkononi, akiomba angalau isisahaulike kwamba kitambaa chenyewe kilikuwa cha ubora.

Waliosha tangi, wakarudisha kila kitu mahali pake, na tangu hapo dizeli ya Shangazi hupita kwenye chujio la waya lililofungwa imara ndani ya faneli. Fundi Mluzi alilipwa ujira wake wa haki, na akiba iliyokuwa imepangiwa pampu ikanunua tairi mbili za mbele, kwa sababu zile za zamani zilikuwa zimebaki na upara.

Mwishoni mwa mwezi akaja mtu wa kiwanda kidogo cha kuchapisha, anahamia mji wa pili na mashine ya chuma inayohitaji wanaume sita kuinyanyua. Kazi za namna hiyo Bi Bomba alikuwa amezikataa kwa muda. Mchapishaji alilizunguka gari, akaitazama kwa wasiwasi rangi iliyobanduka na mlango unaofungwa kwa kamba.

"Mama, hili litafika kweli?"

Bi Bomba alikuwa tayari ameshaingia, anarekebisha kioo. "Funga mashine yako vizuri," akamwambia, "halafu panda tuondoke."