Mashine Tisa na Sahihi Iliyokataliwa

Hakufukuzwa. Tuanzie hapo, maana mtaani yamesemwa mengi: kwamba binti wa marehemu mwalimu mkuu alibonyeza kitufe asichokijua, akazima kompyuta zote za bohari ya dawa, akatolewa nje na walinzi kama mwizi wa kuku. Wapo wanaopenda kusema lisemwalo lipo. Hili halikuwepo. Alitoka kwa miguu yake, saa nne asubuhi, mkoba begani, na mlinzi wa getini akamuuliza, "Dada, mbona mapema leo?"

Kazi yake ilikuwa kulea mashine tisa. Zilikaa katika chumba kimoja cha ghorofa ya chini, chenye baridi kiasi kwamba sweta lake la kijivu lilining'inia nyuma ya mlango mwaka mzima. Programu zote za bohari, ya maagizo ya zahanati, ya stoo, ya magari, zilifungwa ndani ya kontena, yaani vifurushi vya kikompyuta, kila moja na vyake vyote, na mashine hizo zilisaidiana kuzibeba. Moja ikiugua, nyingine hupokea mzigo.

Mfumo ulioendesha mashine zenyewe haukuguswa kwa mkono. Ukitaka badiliko, hata la herufi moja, uliliandika kwenye faili la maelekezo, ukajenga mfumo mpya kutokana na faili hilo, kisha mashine ikazimwa na kuwaka ikiwa mpya. Kilichoandikwa kilibaki. Kisichoandikwa kilifutika.

Binti aliipenda sheria hiyo, na ofisini wakambandika jina la Mama Kanuni. Aliyelitumia kuliko wote ni Mzoefu, fundi aliyemtangulia kwa miaka kumi na miwili.

"Mama Kanuni, mashine ikikohoa mimi naipa dawa. Wewe unataka izaliwe upya!"

"Ukiipa dawa bila kuandika, kaka, ikizaliwa upya itakohoa tena."

"Basi nitaipa tena. Dawa si tunazo? Hapa si bohari?"

Watu walicheka, naye pia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Mzoefu alikuwa mchapakazi, na nyaya zote za jengo lile alizivuta yeye.

Kisha mama yake binti akafanyiwa upasuaji wa jicho, naye akachukua likizo ya wiki moja amshike mkono hadi bandeji itolewe. Wiki hiyohiyo, hifadhi ambamo mashine huchukua nakala za kontena ilibadilishiwa cheti, ile hati ambayo mashine huikagua kabla ya kukubali kupokea kitu. Mashine zikagoma. Mzoefu hakugusa faili. Aliingia katika mashine moja baada ya nyingine, zote tisa, akafungua tabaka la muda juu ya mfumo, akaweka cheti kipya humo, akaenda kula. Tabaka hilo huyeyuka mashine ikizimwa. Hakumwambia mtu.

Wiki tatu baadaye binti alianza kusasisha mfumo, kama ilivyopangwa. Aliondoa kontena kwenye mashine ya kwanza, akaizima, ikawaka salama. Kontena zake zikarudi, kwa kuwa nakala zake zilikuwa bado kwenye diski. Ya pili vivyo hivyo. Angejuaje? Alipofika ya tatu, programu ya maagizo ikahamia mashine ya kwanza, ambayo haikuwahi kuibeba. Ilipaswa kuifuata nakala hifadhini, na hifadhi, bila kile cheti kilichoyeyuka, sasa ilikuwa ngeni kwake. Maagizo yakasimama. Saa tatu na nusu asubuhi, zahanati arobaini zikaanza kupiga simu.

Ilimchukua muda kuuona ujumbe wenyewe: cheti hakitambuliki. Akageuka kwenye kiti.

"Kaka, hifadhi ilibadilishiwa cheti lini?"

"Ulipokuwa likizo."

"Na mashine zilikubalije?"

Mzoefu alikuna shingo. "Nilizisaidia kidogo."

"Kwa mkono?"

"Mama Kanuni, hapa tugombane au turudishe dawa?"

Akachagua kurudisha dawa. Aliandika cheti kwenye faili, akajenga mfumo, akaujaribu, akazipitisha mashine zote tisa. Saa nane mchana maagizo yalikuwa yanapita. Lakini kila mashine ilipowaka upya, tabaka la Mzoefu liliyeyuka pamoja na ushahidi wake. Binti aliufuta kwa mikono yake mwenyewe, akifuata kanuni.

Siku mbili baadaye aliitwa. Mezani walikaa mkuu wa kitengo na ofisa utumishi, na Mzoefu pembeni kama shahidi.

"Cheti kiliwekwa kwa mkono," alisema binti.

"Tuonyeshe."

"Kimefutika. Mashine zimejengwa upya."

Mkuu akamgeukia Mzoefu. "Uliweka?"

Mzoefu akaitazama meza. "Mimi sikumbuki kugusa, mkuu."

Ofisa utumishi akasukuma karatasi. Iliandikwa tayari: *nilikosea hatua za kusasisha mfumo*. "Tia sahihi, dada. Ni utaratibu tu. Jumatatu unarudi mezani kwako, yamekwisha."

"Hatua sikukosea."

"Basi nenda nayo nyumbani, ufikirie."

Jioni karatasi ililala mezani kati ya vikombe. Mama yake, jicho moja bado jekundu, aliisoma mara mbili.

"Hata picha moja ya kioo cha kompyuta hukupiga?"

"Mama, nilikuwa narudisha dawa za watu!"

"Najua. Ndiyo maana nakasirika."

Baba mdogo alikuwepo, kama awapo kila panapokuwa na chai. "Atie tu sahihi. Wino ni wino, shemeji. Kazi siku hizi zinatafutwa kwa tochi."

"Wino huo utaandika jina la kaka yako, shemeji. Au umesahau anaitwa binti nani?"

"Jina halilipi kodi."

"Wala halipangishwi."

Binti alichukua karatasi, akaigeuza upande mweupe, akaandika barua ya kuacha kazi, mistari minne, bila kumtaja Mzoefu wala mkuu. Asubuhi aliipeleka. Akakaa saa mbili akimalizia maelezo ya mashine zote tisa, ili atakayefuata asihangaike, akaaga. Huyo ndiye mnayesema alitolewa na walinzi.

Jumamosi Mzoefu alibisha hodi nyumbani kwao. Alikuja peke yake, akakaa karibu saa nzima, na majirani walimwona akiingia na kutoka. Alichosema, alichojibiwa, na kama alisamehewa, ni mambo ya nyumba ile. Binti anafanya kazi kwingine. Ni wapi, haiwahusu. Anayetaka zaidi akaulize ukuta.