Sifa Inayoonekana Kutoka Barabarani

Kikundi cha wakulima wa kahawa cha kwetu Nyabiyonza kiliponiomba niandae sifa za kuwapima wanaotaka udiwani, nilijiona mtu muhimu. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, nina shahada mbili na sina la kufanya. Nikaandika uadilifu, uwazi, uwajibikaji na upeo. Kila sifa ingepewa alama, sifuri hadi tano, na mwenye jumla kubwa ndiye kikundi kingemuunga mkono kwenye kura za maoni.

Nikawasomea ghalani.

"Huo upeo," mzee mmoja akauliza, "mtu anauona akisimama wapi?"

Wakacheka. Mama mwenyekiti akanihurumia. "Mwanangu, andika kibanja chake. Anayeshindwa kupalilia migomba iliyozunguka nyumba yake, atatupalilia kata?"

Walipiga makofi wote isipokuwa mimi. Wagombea walikuwa wawili: mnunuzi wa kahawa, ambaye kibanja chake watu hukisifia tangu barabarani, na dada yangu, ambaye hakuwa na kibanja tena. Ugonjwa wa mnyauko ulipoingia kwake mwaka jana, alifanya kama bwana shamba alivyoagiza. Aling'oa kila mgomba, mzima na mgonjwa, akafukia. Ikabaki mibuni peke yake, imeduwaa juani. Majirani walisema amechanganyikiwa. Wao, ugonjwa ulipowafikia, walikata shina moja moja gizani na kunyamaza.

Nikajaribu maneno ya chuoni. "Labda tuseme usimamizi wa rasilimali, maana kibanja peke yake..."

"Msomi," yule mzee akanikatiza, "dada yako tunamjua. Andika kibanja."

Nikaandika.

Nilimkuta dada akichambua maharage. Nikamweleza huku nikienda mlangoni na kurudi.

"Waje waone," alisema.

"Watakupa sifuri!"

"Kwani wewe unakiona kibanja hapo nje? Na ukae chini, mdogo wangu, unanitilia vumbi kwenye maharage."

Walikuja Jumamosi. Dada akawatembeza palipokuwa na migomba, sasa pana maharage yaliyopandwa kwa mistari. Akawaonyesha alipofukia. Hakujitetea. Mama mwenyekiti alishika kiuno, akatazama huku na huku kama aliyepoteza mbuzi.

"Maharage mazuri," akasema. "Lakini hatukuja kupima maharage."

Sifuri. Kwenye uadilifu walimpa tano, bila hata mmoja kuinua kichwa.

Tukaenda kwa mnunuzi wa kahawa, na dada akafuatana nasi, kwa kuwa naye ni mwanakikundi. Tulipokewa kwa kahawa ya kutafuna, desturi ya kwetu kwa wageni. Mikungu ilikuwa mikubwa hadi imeegemezwa miti, matandazo yamelala kama mkeka. Watu walitaja tano kabla hawajafika nusu ya kibanja. Mimi nilibaki nyuma nikinung'unika, ndiyo maana niliona dada aliposimama karibu na zizi. Palikuwa na mgomba mmoja, jani limelegea, na kwenye mkungu ambao haujakomaa ndizi mbili tatu zilishaanza kuwa njano. Akachuma moja, akaivunja. Ndani ilikuwa ya kahawia, kama zile alizofukia mwaka jana.

Mwenye kibanja alikuja haraka. Dada akamwonyesha, akamwambia kwa Kinyambo, taratibu, kama mtu anayetoa pole. Yule bwana akajifuta uso, kisha akasimama mbele ya mgomba, koti lake amelifungua kuuficha. Nikafungua mdomo niwaite wenzangu. Dada akanikanyaga mguu.

Njiani nilikuwa nachemka. "Kwa nini hukusema mbele ya watu?"

"Nimemwambia mwenye mgomba."

"Na udiwani?"

"Nautaka. Wewe unafikiri nilitembea vilima vyote hivi kwa kupunga upepo?" Alikuwa ameshika ile ndizi kwenye kona ya kanga, akaichungulia, akaifunga tena. "Lakini nikipiga kelele leo watamsikia mgombea, ugonjwa hawatausikia. Na hakuna atakayeniruhusu tena kuingia kwake. Akikata migomba yote, naye ni sifuri kama mimi. Asipokata, ugonjwa unashuka hadi kwa mama mwenyekiti. Yule bwana analijua hilo."

"Na kura ni wiki ijayo."

"Hilo pia analijua."

Tangu hapo kila asubuhi naenda kununua vocha kwenye kibanda kinachotazamana na kibanja kile. Simu yangu ina salio la kumpigia rais. Lile jani lililolegea limeondolewa vizuri, na mkungu nao haupo. Mgomba upo.

Leo tena mwenyewe alikuwa amesimama kwenye njia ya kuingilia kwake.

"Msomi! Vocha tena? Unampigia nani siku nzima?"

"Dada."

Akacheka kidogo, akatazama upande wa zizi. "Msalimie. Mwambie panga linanolewa."

Jana pia aliniambia linanolewa.